Namna ya Kuhifadhi Kumbukumbu za Askari wa Khedive Ismail: Mwongozo Kamili kwa Familia

Kila ifikapo Februari napokea malalamiko yaleyale. "Nimeandika jina la babu kwenye tovuti ya makaburi ya vita, haliji." "Tulimrekodi bibi kabla hajafariki, simu ikaibiwa." Na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu lilikuwa linaepukika: "Cheti chake tulikipiga lamineti kisiharibike, sasa maandishi yamefifia na karatasi haitoki."

Mwongozo huu ni kwa familia ambazo ndugu yao alikuwa ndani ya SS Khedive Ismail, meli iliyozamishwa na nyambizi ya Japani katika Bahari Hindi tarehe 12 Februari 1944, au alikuwa kwenye meli nyingine ya msafara ule na akayaona kwa macho yake. Mwenye babu aliyepigana Bama (Burma, leo Myanmar) au Madagaska anaweza kuzifuata hatua hizihizi, abadilishe tarehe na jina la kikosi.

Historia ya vita siisimulii hapa. Nitataja tu yale unayoyahitaji ili utafute na uulize vizuri. Jambo moja ulishike tangu mwanzo: yanayosemwa nyumbani na yaliyoandikwa na jeshi yakae mahali pawili tofauti, yote yahifadhiwe, na la upande mmoja lisitumike kufuta la upande wa pili. Familia nyingi zinakwama hapo.

## Vifaa

Tayarisha hivi kabla hujaanza. Hakuna cha bei kubwa.

- Simu yenye kamera nzuri na programu ya kurekodi sauti, pamoja na chaja. Maikrofoni ndogo ya kubana shatini inasaidia sana, ila si lazima.
- Daftari gumu moja na penseli mbili. Kalamu ya wino isikaribie karatasi za zamani.
- Bahasha za karatasi, kubwa na ndogo. Mifuko ya nailoni haifai.
- Kitambaa cheupe cha pamba kisicho na nyuzi zinazotoka.
- Flashi moja na memori kadi moja, au diski ya nje.
- Karatasi ya ridhaa. Ukurasa mmoja wa Kiswahili au lugha ya nyumbani unatosha: nani anasimulia, nani anarekodi, nani ataruhusiwa kusikiliza.
- Ramani iliyochapishwa ya Bahari Hindi, kuanzia Mombasa hadi Sri Lanka. Umuhimu wake utauona katika hatua ya nne.

## Hatua ya 1: Kusanya kilichomo nyumbani

Intaneti isubiri. Anza na sanduku la bati, mkoba wa marehemu bibi, Biblia au msahafu wa zamani, na fremu za picha sebuleni. Unachotafuta hasa ni namba ya jeshi. Majina yanaandikwa kwa namna kumi, lakini namba ni moja, na ndiyo itakayokuambia kama Juma unayemwona kwenye orodha ni Juma wenu au wa watu wengine.

Namba inaweza kuwa kwenye kitabu au cheti cha kuachishwa jeshi, kwenye barua, kwenye stakabadhi ya malipo ya familia, hata kwenye bahasha tupu ambayo mtu aliihifadhi kwa sababu ya stempu. Ikiwa ina herufi mbele ya tarakimu, ziandike herufi hizo pia, kwani ni sehemu ya namba.

Medali zina mtego wake. Nyota na medali ambazo Uingereza iliwapa askari wake wa Vita Vikuu vya Pili kwa kawaida hazikuchongwa jina. Ukigeuza ya babu ukakuta ukingo mtupu, usidhani ni bandia au ya kuokota. Medali za Vita vya Kwanza ndizo zilizokuwa na jina na namba ukingoni. Kwa hiyo kama mnayo medali yenye jina, huenda ni ya baba wa babu, na hapo mna kazi ya pili inayowasubiri.

Kila kitu ukipe namba kwa penseli kwenye bahasha yake: Na. 1, Na. 2, na kuendelea. Andika daftarini kimetoka kwa nani na kilikuwa wapi.

Onyo: usiondoke na vitu vya asili kutoka nyumba ya shangazi au ami, hata ukiambiwa "chukua tu". Vipige picha palepale, uviache. Nimeona koo zikigombana miaka mingi juu ya medali iliyoazimwa ikarudi baada ya mazishi mawili.

Utajua umefaulu ukiwa na orodha ya vitu vyote vilivyopo, nyumba kwa nyumba, na angalau mojawapo ya haya: namba ya jeshi, jina la kikosi, au jina la baba yake kama alivyolitaja alipoandikishwa.

## Hatua ya 2: Tafuta kwa tarehe

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ina orodha ya majina mtandaoni, na kuitafuta ni bure. Wengi huingia, wakaandika jina la babu kama wanavyolijua, wakaambiwa hakuna, wakakata tamaa. Hilo hutokea kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba orodha hiyo ni ya waliokufa wakiwa jeshini, kati ya Septemba 1939 na mwisho wa Desemba 1947. Babu aliyeokoka, akarudi, akaoa mke wa pili na kufariki mwaka 1978 hatakuwamo, hata kama alielea baharini siku ileile. Waliookolewa walikuwa 208 wanaume na 6 wanawake tu. Kama wako ni mmoja wao, ruka moja kwa moja hadi hatua ya tatu.

Ya pili ni tahajia. Karani wa jeshi aliandika alichosikia. Athumani anaweza kuwa Asumani au Osman, Ramadhani akawa Ramazani, Hamisi akawa Khamis. Mutiso anaweza kuwa Mutisu, na Kipkoech akapoteza herufi mbili njiani. L na R zinabadilishana bila taratibu. Mara nyingine jina la baba limegeuzwa la ukoo, au aliandikishwa kwa jina moja tu. Utakutana pia na alama s/o katikati ya majina mawili. Maana yake "mtoto wa".

Basi fanya hivi.

1. Kisanduku cha jina kiache wazi kabisa.
2. Weka tarehe ya kifo kuanzia 12 Februari 1944 hadi 12 Februari 1944.
3. Chuja kwa mnara wa East Africa Memorial, uliopo Nairobi. Ndio wenye majina ya askari wa Afrika Mashariki waliozama na meli hii. Wauguzi na wanamaji wa Uingereza waliokufa nao wanakumbukwa kwenye minara mingine.
4. Chuja tena kwa kikosi: East African Artillery. Kikosi chenyewe kilikuwa 301st Field Regiment, wapiga mizinga. Cheo utakachokiona mara nyingi ni Gunner. Usimtafute kwenye orodha za King's African Rifles (KAR) kwa sababu tu nyumbani mlizoea kusema "alikuwa keya". Neno hilo lilitumika kwa askari yeyote.
5. Chapisha orodha yote au uinakili.
6. Kaa na mzee anayelijua jina, umsomee kwa sauti jina moja baada ya jingine, taratibu.

Hatua ndogo hii ya sita ndiyo inayowafungulia watu mlango. Jina lililoharibiwa na karani mara nyingi jicho halilitambui, ila sikio linalitambua. Mzee atakukatisha: "Hebu rudia hilo." Lirudie bila kumwelekeza. Kisha linganisha na namba, jina la baba na kijiji kama vimeandikwa.

Yafuatayo yatakusaidia kutambua kama hadithi ya nyumbani inahusu meli hii au nyingine. Msafara uliitwa KR 8. Uliondoka Kilindini, bandari ya Mombasa, mwanzoni mwa Februari 1944 kuelekea Colombo, Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Meli za abiria zilikuwa tano: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Zililindwa na manowari HMS Hawkins, HMS Petard na HMS Paladin. Nyambizi iliyoshambulia ni I-27. Ilikuwa Jumamosi, majira ya saa nane na nusu mchana, karibu na visiwa vya Maldives, na meli ilizama ndani ya dakika chache mno. Waliokufa ni 1,297.

Onyo: jina kufanana hakutoshi. Akina Mwangi na akina Juma ni wengi. Ukikosa namba, tafuta mambo mawili mengine yanayokubaliana kabla hujatangaza kwenye kundi la familia kwamba "babu amepatikana". Kutangaza ni rahisi, kutangua ni aibu.

Utajua umefaulu ukiwa na jina kama lilivyoandikwa, namba, cheo, na namba ya safu yake kwenye mnara. Tovuti hukuruhusu pia kupakua cheti cha kumbukumbu bila malipo. Kipakue siku hiyohiyo.

## Hatua ya 3: Piga picha nyaraka, kisha uziache zilivyo

Weka karatasi juu ya kitambaa cheupe, karibu na dirisha, mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja. Simu iwe sambamba na karatasi, flashi ya kamera izimwe. Piga mbele na nyuma, hata nyuma ikiwa tupu, kwa sababu mhuri uliofifia unaweza kuonekana kwenye picha wakati jicho limeukosa. Ukiwa na skana, tumia 300 dpi kwa karatasi na 600 dpi kwa picha ndogo za pasipoti.

Picha iliyogandana na kioo cha fremu usiibandue. Ipige kupitia kioo, ukisimama upande kidogo ili usijipige mwenyewe.

Sasa makatazo, kwa sababu hapa ndipo mapenzi mema huharibu vitu:

Usipige lamineti. Joto la mashine huunguza karatasi na wino, gundi haitoki tena, na unyevu uliofungiwa ndani unaendelea na kazi yake. Najua kila steshenari itakushauri hivyo, na najua vyeti vyako vya shule vimepigwa. Cheti cha shule kinaweza kutolewa kingine. Cha babu cha mwaka 1945 hakitolewi tena.

Usitumie selotepu kuunganisha mikunjo. Inakuwa ya njano, inakula karatasi.

Usisugue medali kwa dawa ya shaba, majivu wala ndimu. Kila ukisugua unaondoa tabaka la mchoro. Ifute kwa kitambaa kikavu, iache na weusi wake.

Usiandike nyuma ya picha kwa kalamu ya wino. Penseli laini, pembeni, kwa mkono mwepesi.

Kuhusu kuhifadhi: sanduku la bati ni zuri dhidi ya mchwa na panya, lakini hutoa jasho, hasa Pwani. Vitu vikae kwenye bahasha za karatasi, sanduku liinuliwe kutoka sakafuni kwa matofali mawili, liwe mbali na ukuta wa nje, na lifunguliwe lipate hewa msimu wa kiangazi. Vidonge vya nafthalini visigusane na picha.

## Hatua ya 4: Rekodi wazee

Askari aliyekuwa na miaka 18 siku ile alizaliwa mwaka 1925 au mwanzoni mwa 1926. Fanya hesabu mwenyewe. Utakayemrekodi karibu kila mara ni mtoto wake, mkwe, au mdogo wake wa mwisho. Usiwadharau kwa sababu "hawakuwepo". Meli ilizama kwa dakika chache, lakini nyumbani watu walisubiri miaka, na ya nyumbani hayapo kwenye jalada lolote la London.

### Kabla ya siku

Nenda mara ya kwanza bila simu ya kurekodi. Salimia, kaa, kula. Eleza unachotaka na ruhusa unayoiomba. Msomee karatasi ya ridhaa kwa sauti, atie sahihi au dole gumba, au aseme "nakubali" mwanzoni mwa rekodi. Muulize pia nini kisitoke nje ya familia. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria hilo ni adabu.

### Siku yenyewe

Chagua asubuhi. Simu iwekwe kwenye hali ya ndegeni ili isilie katikati, ikae kama nusu mkono kutoka mdomoni mwa msimulizi, juu ya kitambaa, si juu ya meza tupu. Zima redio ya jirani kwa heshima. Mvua ikianza juu ya mabati, simamisha. Hakuna programu itakayoiondoa kelele ile.

Anza rekodi kwa kutaja tarehe, mahali, majina ya waliopo, na uhusiano wao na askari. Kisha dakika moja ya majaribio, uisikilize, ndipo uendelee.

### Maswali

Swali la "hebu tuambie kuhusu vita" huzaa hotuba ileile aliyoisikia redioni. Uliza vitu vinavyoshikika:

- Siku aliyoondoka, nani alimsindikiza, na hadi wapi?
- Aliondoka na nini mkononi? Aliacha nini?
- Barua iliwahi kuja? Nani aliisoma, maana nani alijua kusoma hapa?
- Habari ya kifo ililetwa na nani: chifu, polisi, au mwenzake aliyerudi? Alisema maneno gani hasa?
- Malipo yalipokewa? Yalinunua nini?
- Mke wake alifanyiwa nini baadaye?
- Kuna mtoto aliyepewa jina lake?

Swali la maneno gani hasa lirudie kwa njia nyingi. Mwanamke aliyekuwa na miaka tisa wakati chifu anaingia uani anaweza kusahau mwaka, lakini akakutajia kanzu ya chifu, mbuzi aliyekuwa amefungwa, na sentensi aliyosema mama yake. Hapo nyamaza. Usijaze kimya.

Uliza pia juu ya mazishi, kwa sababu maiti hayakurudi. Waislamu watakuambia kama alisaliwa sala ya ghaibu na hitima ilisomwa wapi. Baadhi ya familia za Kijaluo zilizika tunda la yago, yaani mwegea, mahali pa mwili. Kama kuna kaburi la namna hiyo, mtu akuonyeshe lilipo siku hiyohiyo, ulipige picha, na uhifadhi alama ya mahali kwenye ramani ya simu. Shamba likiuzwa, hakuna atakayejua.

### Saa na miezi

Mzee akisema "saa nane", anamaanisha saa nane mchana. Anayenakili, hasa kijana wa mjini aliyezoea saa za simu, huandika 8:00, na hadithi nzima inahamia asubuhi. Daftarini andika alivyosema, kisha pembeni 14:00.

Tarehe pia usilazimishe. Itafute kwa vitu anavyovijua. Pwani, siku ile iliangukia katikati ya Mfungo Tano mwaka 1363 Hijria. Kwa Wakikuyu ni kipindi kinachokaribiana na Ng'aragu ya Mianga, njaa ya mihogo ya mwaka 1943. Uliza: kabla ya njaa au baada? Mahindi yalikuwa yamekomaa? Rika gani lilikuwa limetahiriwa?

### Ramani

Mtandikie ramani. Mwonyeshe Mombasa, kisha Sri Lanka, umwachie kidole chake. Wengine hawajawahi kuona mahali ambapo baba yao alipotelea, na maswali yao kwako yatafungua zaidi kuliko yako kwao.

Onyo kubwa: mle majini, baada ya meli kuzama, manowari za Waingereza ziliangusha mabomu ya kuiwinda nyambizi wakati manusura bado wanaogelea, na baadhi waliuawa na mabomu hayo. Hili limeandikwa. Usimwambie mtoto wa marehemu jambo hili kwa mara ya kwanza rekodi ikiwa inaendelea. Kama halijui, ongea na wakubwa wa familia kwanza, waamue nani amwambie na lini.

Utajua umefaulu ukiwa na sauti safi isiyozidi saa moja kwa kikao, na orodha ya watu wengine watatu aliokutajia wakafuatwe.

## Hatua ya 5: Nakili neno kwa neno

Ndani ya wiki moja, kabla hujasahau sauti ya nani ni ya nani. Andika lugha aliyoitumia. Kama alisema nusu Kikamba nusu Kiswahili, iwe hivyo, na tafsiri ikae chini yake. Usimsafishie Kiswahili. Weka dakika pembeni kila aya mpya inapoanza. Mahali usipoelewa, andika [haisikiki], usikisie.

Mrudishie, umsomee. Atakuongezea mambo mawili au matatu. Yaandike kama nyongeza, kwa tarehe yake.

## Hatua ya 6: Linganisha bila kusahihisha

Chora safu tatu kwenye daftari: tulivyosimuliwa, ilivyoandikwa, na mahali ushahidi ulipo. Kila jambo mstari wake.

Chukua mfano wa kawaida. Nyumbani wanasema "alizama bahari ya Bama". Maandishi yanasema Maldives, mbali kabisa na Bama. Usifute la nyumbani. Vikosi vya Afrika Mashariki vilikuwa vinapelekwa Ceylon na kutoka huko Bama, na kwa aliyebaki kijijini safari nzima ilikuwa ya Bama. Kauli hiyo inaeleza familia iliambiwa nini.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mzee anasema, "Waingereza wenyewe waliwaua." Wajukuu wanaona haya, wanataka kuikata sentensi hiyo kwa sababu inasikika kama siasa. Angalia maandishi yanavyosema: Paladin ilikuwa inaokoa watu, Petard ikaangusha mabomu ya kulipukia chini ya maji kwa hofu kwamba nyambizi ingeshambulia meli zilizobaki. I-27 ililazimika kuibuka, mizinga ikashindwa kuimaliza, na topido ya saba ya Petard ndiyo iliyoizamisha. Mapambano hayo yalichukua zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo mzee hakuzua. Aliyemsimulia alikuwa majini, au alikuwa ameongea na aliyekuwa majini. Mngeikata sentensi ile, mngepoteza dalili kwamba kuna manusura aliyewahi kufika kijijini kwenu, na mtu huyo ndiye wa kumtafuta sasa: aliitwa nani, alitoka wapi, wanawe wako wapi?

Ukitaka kwenda mbali zaidi kwenye maandishi, Nyaraka za Taifa za Kenya, Moi Avenue, Nairobi, zina mafaili ya wakuu wa wilaya wa enzi ya ukoloni. Nenda na jina la wilaya ya zamani, maana mipaka na majina vimebadilika, na penseli yako. Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, zina ripoti za misafara ya meli katika kundi la ADM 199. Uwe na matarajio ya kiasi. Mwandishi wa habari Kenneth Gandar Dower, aliyezama mle, utampata kwa dakika tano. Gunner wa Kitui utampata kwa shida, na ndiyo sababu hatua ya nne ina uzito kuliko hii.

## Hatua ya 7: Nakala tatu, mahali pawili

Kila faili liwe na jina linaloeleweka na mtu asiyekujua: mwaka-mwezi-siku, jina la msimulizi, mahali, sehemu. Jina kama "rekodi mpya 7" halifai.

Nakala moja kwenye kompyuta au simu, ya pili kwenye flashi au diski, ya tatu kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Moto, wizi na mafuriko haviwezi kufika nyumba mbili kwa siku moja.

Onyo: WhatsApp si ghala. Picha ikitumwa kawaida inapunguzwa ubora, na simu ikibadilishwa sauti zinapotea. Ukilazimika kuitumia, tuma faili kama hati, si kama picha.

Kila mwaka, chagua siku moja, fungua kila faili usikilize dakika moja. Flashi hufa bila kuaga. Ukiwa na ruhusa ya msimulizi, peleka nakala pia shuleni kijijini au maktaba ya kaunti, na chapisha maandishi yote kwenye karatasi. Karatasi haihitaji umeme.

## Hatua ya 8: Nendeni Ngong Road

Mnara uko ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Kuingia ni bure. Andika namba ya safu kabla hujatoka nyumbani, la sivyo utasoma majina hadi jioni. Nenda asubuhi au alasiri, jua likiwa upande, herufi zionekane. Mpige picha mzee akiwa amesimama kando ya jina, na picha nyingine ya jina peke yake, karibu. Mshike mkono, baadhi yao watakaa kimya muda mrefu, na gari la kurudi linaweza kusubiri.

## Hatua ya 9: Omba marekebisho

Kama jina limeandikwa vibaya, au halipo kabisa, CWGC hupokea maombi ya kurekebisha na kuongeza. Wanataka ushahidi wa maandishi: nakala ya cheti, barua au stakabadhi yenye namba. Tuma nakala tu, kamwe usitume asili. Eleza kwa ufupi: jina lilivyo sasa, linavyotakiwa kuwa, ushahidi gani. Hadithi nzima ya familia iache nje ya barua ya kwanza.

Huduma hii hailipiwi. Mtu yeyote akikuambia anaweza "kufuatilia fidia ya babu London" kwa ada ya usajili, au akikuomba cheti halisi akakithibitishe, mwaga chai umsindikize.

Andika namba ya kumbukumbu ya ombi lako daftarini, na usitarajie jibu la haraka. Likija, lichapishe uliweke kwenye bahasha ya nyaraka za askari. Tahajia ikibadilishwa, andika ile ya zamani kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari pamoja na tarehe ya mabadiliko, kwa ajili ya ndugu atakayekuja kutafuta akiwa na karatasi yenye jina la zamani.